Uso chini ya barakoa: shajara ya mradi wa afisi ya walimu

Januari 4, 2021

Shule zimefunguliwa leo nchi nzima baada ya kufungwa kwa sababu ya korona. Gredi ya nne na darasa la nane wao walirudi tangu Oktoba, kwa hiyo kufunza Sayansi na barakoa si jambo geni kwangu, ila vilikuwa vipindi vichache na madarasa matupu. Leo nimekuwa na vipindi saba, madirisha yote wazi, feni moja inayozunguka kama kibarua anayelipwa kwa siku, na kaskazi ndiyo hii tunayoijua Mombasa. Kufikia adhuhuri barakoa imelowa kidevuni kama kitambaa cha kupangusia meza.

Kwenye feri ya Likoni nikirudi nyumbani kidevu kikaanza kuniwasha, na mkono siwezi kuupeleka usoni katikati ya umati ule. Nyumbani nimesimama mbele ya kioo nikahesabu. Kidevuni sita, shavu la kushoto nne, la kulia mbili, na mbili juu ya pua pale waya wa barakoa unapokaa. Kumi na nne. Nina miaka 41. Chunusi niliagana nazo kidato cha tatu na sikuahidi kuonana nazo tena.

Januari 6

Kumbe si mimi peke yangu. Chai ya saa nne ndiyo saa pekee tunapoonana nyuso, kila mwalimu dirisha lake, na leo nimeangalia vizuri. Mwalimu mdogo wa Kiswahili, ambaye harusi yake ni Shaaban, amejaa pande zote za mdomo na amezifunika kwa fandesheni nzito. Mwalimu wa Hisabati, mjamzito wa miezi mitano, anazo chache lakini kubwa. Mwalimu wa Michezo shingo na taya limekuwa kama ganda la fenesi. Naibu wa mwalimu mkuu, mama wa heshima zake, zimempanga mstari sawasawa pale ukingo wa barakoa unapokatiza shavu.

Dawa, kila mtu anayo. Dawa ya meno, ndimu, asali, majivu. Mmoja alitaja kitu cha asubuhi ambacho sitakiandika hapa. Nikasema kama ni kujaribu, basi tujaribu kwa hesabu kama tunavyowafunza watoto, badiliko moja kwa wakati mmoja, na kila kinachotokea kiandikwe. Watano tumekubali. Majina sitayataja. Wataitwa Bi Harusi, Hisabati, Michezo na Naibu, na mimi ni Sayansi.

Sharti la kwanza aliliweka Naibu kabla sijafungua daftari: barakoa haivuliwi darasani. Tutafute dawa ya ngozi, tusitafute kisingizio. Hakuna aliyebisha. Sote tumezika mtu mwaka uliopita.

Januari 9

Jumamosi ya kusoma. Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1975 madaktari wawili wa Marekani, Mills na Kligman, waliandika kuhusu chunusi zinazoletwa na msuguano, kama za wachezaji wa mpira wa Kimarekani chini ya ukanda wa helmeti. Wapiga fidla nao huharibika shingoni pale fidla inapolazwa. Na baada ya mlipuko wa ugonjwa wa mapafu wa SARS wa 2003, wahudumu wa afya wa Singapore walipoulizwa, karibu 60 katika kila 100 waliokuwa wakivaa barakoa za N95, zile za hospitali zinazobana uso, kila siku walisema zimewaletea chunusi. Basi tungekuwa tumeonywa, kama tungesoma.

Nitakavyowaeleza wenzangu ni hivi. Kila kinyweleo cha uso kina tezi yake ya mafuta. Ukiufunika uso, pumzi ya moto na mvuke wake hubaki humo humo. Ngozi ya juu inavimba kwa unyevu, mdomo wa kinyweleo unabanwa, mafuta yanakwama ndani pamoja na seli zilizokufa. Joto nalo linazidisha mafuta: ngozi ikipanda nyuzi moja tu, mafuta yanayotoka huongezeka kama asilimia 10. Vile vijidudu vinavyoishi kwenye vinyweleo vya kila mtu, visivyopenda hewa, hapo vimepata nyumba. Juu ya hayo yote kitambaa kinasugua, na mwalimu anasuguliwa kuliko muuza duka kwa sababu taya lake halitulii. Kila sentensi ninayosema, barakoa inapanda na kushuka.

Jambo moja vitabu vinanikera. Vinasema chunusi iliyovimba ni nyekundu. Kwa ngozi zetu ukingoja wekundu utangoja sana. Ni kidonda kidogo cha zambarau, au cheusi kuliko jirani yake, na ukikigusa kinauma. Kwa hiyo tutahesabu kwa kidole kilichonawa pamoja na jicho. Madoa bapa yaliyobaki baada ya chunusi kufa hayahesabiwi.

Januari 13

Jirani yangu ni sonara na ana mizani inayopima hadi nukta ya gramu. Nimeiazima jioni moja, kwa kiapo, nikaipeleka shule ndani ya kopo la biskuti.

Barakoa yangu ya pamba, kavu: gramu 11.2. Baada ya vipindi viwili vya darasa la saba: gramu 12.6. Gramu moja na nusu kasoro ya pumzi na jasho, imelala juu ya kidevu changu. Ile ya poliesta ya kung'aa aliyoshonewa Bi Harusi ili ifanane na buibui lake iliongezeka gramu 0.3 tu, nikafurahi, nikadhani tumempata mshindi. Halafu nikampa tishu ajipanguse uso. Ikalowa chapachapa. Maji yalikuwepo, ila kitambaa kilikataa kuyanywa, yakabaki kwenye ngozi.

Darasa la saba wameshika kisa hiki kuliko kipindi chote cha mvukizo. Kuna kijana ameniuliza kama na mimi niko kwenye mizani.

Januari 15

Hesabu ya kwanza rasmi. Mhesabuji ni Hisabati, mahali ni dirisha la mashariki, saa nne kasorobo. Mimi 14, Bi Harusi 19, Naibu 16, Hisabati mwenyewe 8 (nilimhesabu mimi). Kwa Michezo tulifika 30 tukaacha.

Januari 17

Badiliko la kwanza ni barakoa yenyewe, dawa bado.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Juni 2020 unataka tabaka tatu, ya ndani ya pamba inayonyonya, ya kati ya kitambaa kisichofumwa, ya nje inayofukuza maji. Nilikwenda Mtaa wa Biashara nikanunua pamba nyeupe laini ya ndani, nikaiosha mara mbili kabla haijakatwa ili itoke wanga wa kiwandani, maana ule wanga nao unaweza kuwasha. Kisha kwa fundi wangu Likoni.

Fundi ana maneno. Nilimwambia mshono wa katikati ugeuzwe utokee nje, ndani pasiwe na uzi unaogusa ngozi. Akakubali. Nikamwambia waya wa puani auzungushie kitambaa mara mbili. Akakubali. Nikamwambia mbele ya mdomo pabaki nafasi, kitambaa kisilale juu ya midomo nikisema. Akaishika, akaigeuza. "Mwalimu, hii barakoa au mfuko wa kahawa?" Kando lakini ikae vizuri, nikamwambia, hewa isipite. Akatengeneza moja ya majaribio, nikaivaa pale pale kibandani nikamsomea gazeti kwa sauti ukurasa mzima. Haikupanda wala kushuka. Nikaagiza 15, tatu kwa kila mtu.

Utaratibu ni kubadilisha kila baada ya vipindi viwili au ikishalowa, lolote litangulie. Iliyotumika inaingia kwenye kifuko cha kitambaa alichotushonea kwa vipande vilivyobaki, maana mifuko ya plastiki tumeizika tangu 2017. Na kila siku saa nne asubuhi tunatoka mmoja mmoja chini ya mwarobaini, mbali na watu, barakoa chini kwa robo saa, uso upate upepo.

Januari 20

Nimegundua wahalifu wawili jikoni kwetu.

Wa kwanza ni jiki. Bi Harusi anaroweka barakoa usiku kucha kwa jiki "zife", anasuuza mara moja. Nilinusa barakoa yake kavu nikakohoa. Wa pili ni sabuni ya unga, na huyo ni wa kwangu. Niliichukua barakoa niliyodhani safi, nikaiminya ndani ya bakuli la maji meupe, na povu likatoka. Povu! Hiyo ndiyo niliyokuwa naivaa, nailowesha kwa pumzi, na kuipikia uso kwa saa nane.

Sasa ni sabuni ya kipande isiyo na manukato, maji ya moto, na kusuuza hadi maji yatoke kama yalivyoingia. Jua la Mombasa linamaliza kazi. Vilainishi vya nguo vyenye harufu nzuri, hapana.

Januari 22

Mimi 13. Naibu 16. Bi Harusi 15. Hisabati 6. Kuwasha kumepungua kwa wote, na hilo hatukuwa tumelipangia safu kwenye daftari. Tumelichorea.

Januari 25

Dawa ya kwanza: jeli ya benzoili peroksaidi, inayoua vijidudu vya chunusi kwa kuvipelekea oksijeni wasiyoizoea. Nilisoma kuwa ya asilimia 2.5 inafanya kazi sawa na ya 5 na ya 10, na ndiyo inayounguza kidogo. Kemisti ya kwanza walikuwa na 10 pekee, ya pili 5. Nikanunua ya 5 kwa uvivu wa kutembea. Mimi, Naibu na Bi Harusi tumeanza, usiku, safu nyembamba.

Februari 2

Uvivu umelipwa. Ngozi imekuwa ngumu na kuchubuka pembeni mwa pua, na asubuhi niliyopaka tena nikavaa barakoa juu yake kabla haijakauka nilisomesha kipindi kizima cha mmeng'enyo wa chakula machozi yakinilengalenga. Watoto walidhani nimeguswa.

Na kuna msiba mwingine. Mto wangu naufunika kwa leso niliyopewa na marehemu nyanya, yenye maandishi WEMA HAUOZI. Dawa hii inang'oa rangi ya kitambaa. Nililalia kidevu mahali pamoja usiku nane, na pale kilipolala rangi imekuwa ya machungwa hafifu, ikameza herufi mbili tu. Soma mwenyewe ukiondoa HA.

Kuanzia leo napaka, nahesabu dakika tano, naosha. Kisha losheni nyepesi isiyo na manukato, kisha nasubiri ikauke ndipo barakoa. Na mto unalaliwa na shuka jeupe.

Februari 5

Mimi 12. Hisabati 6. Naibu 15, haelekei kushuka, na nashuku kitu ila namwogopa.

Bi Harusi ni wa ajabu. Wiki iliyopita alikuwa 7, sote tukampigia makofi. Leo ana vipele vidogo vidogo zaidi ya 20, vya ukubwa mmoja, vimejazana kuzunguka mdomo na mbawa za pua, lakini kando kabisa ya midomo umebaki ukanda mwembamba safi, kama mtu aliyepaka rangi ukuta akaacha fremu ya dirisha. Chunusi hazipangiki hivyo. Nikamuuliza unapaka nini kingine. Hakuna. Nikamuuliza tena tukiwa wawili. Akatoa tyubu ndogo mkobani.

Aliyemuuzia alimwambia inakausha chunusi siku tatu na kung'arisha bibi harusi. Herufi za nyuma ni ndogo kiasi cha kutia aibu, lakini zinasomeka: betamethasoni. Ni steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi. Kukausha ilikausha, kweli siku tatu. Halafu ngozi ikaizoea, na kila akiacha vinarudi na jamaa zao, kwa hiyo anapaka zaidi.

Hakunificha kwa ubaya. Aliona haya, kwa sababu ni mimi niliyesema badiliko moja kwa wakati mmoja.

Februari 9

Tumekwenda kwa daktari wa ngozi, mimi na Bi Harusi. Alimtazama kwa lenzi yenye taa chini ya dakika moja. Ni ugonjwa wa ngozi ya kuzunguka mdomo, akasema, chunusi sizo, na steroidi ndiyo inayoulisha. Barakoa imechangia joto tu. Dawa ni kuacha: tyubu ile, fandesheni, benzoili, kila kitu. Maji, losheni nyepesi, na jeli ya metronidazoli aliyomwandikia. Kisha akamwambia jambo ambalo ninamshukuru kwa kulisema mapema, kwamba wiki mbili za kwanza uso utaharibika kuliko ulivyo leo, naye asirudie tyubu hata akilia.

"Harusi ni Machi 27," Bi Harusi akasema.

Daktari akahesabu kwa vidole. "Inatosha. Lakini usipoteze siku."

Mimi nimepewa adapalini ya asilimia 0.1, ya usiku, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima, siku moja ndiyo siku moja hapana, benzoili ibaki ya asubuhi kwa dakika zile tano. Akauliza kwanza kama nina mimba, maana dawa za jamii hiyo hazipewi wajawazito. Nikacheka. Hakucheka. Akaniambia nitachubuka kidogo, na nisitarajie kitu kabla ya wiki nane.

Nimemuulizia na Hisabati. Ajaribu asidi ya azelaiki, hiyo mjamzito anapaka. Ilipatikana kemisti ya tatu, na bei yake tumechangishana.

Februari 12

Bi Harusi hajaja shule jana na leo. Nimempigia. Uso umewaka. Nimemwambia alete tyubu Jumatatu niitie mimi kwenye pipa.

Februari 15

Ameileta. Imebaki robo. Tumeiminyia ndani ya kopo la majivu, yeye akiminya na mimi nikishika kopo.

Februari 16

Leo nimejipa moyo na Naibu. Nilikuwa nimeona chupa mezani kwake tangu mwezi jana: mafuta ya nazi, ya kupika mwenyewe, meupe safi, yananukia hadi mlangoni. Anajipaka usoni kila asubuhi kabla ya kuvaa barakoa.

Nikaanza kwa shikamoo na maneno mengi. Mafuta ya nazi ni mema kwa mwili na nywele, ila kwa uso wenye chunusi huziba vinyweleo, na chini ya barakoa hayana pa kwenda.

"Mwanangu," akaniambia, "mafuta haya yamenilea. Mama yangu alikufa na miaka themanini uso kama yai."

"Mungu amrehemu. Lakini hakufunza vipindi saba na barakoa."

Akanyamaza akaifunga chupa. Nikadhani nimefukuzwa mradi. Kisha: "Na mikono je?" Mikono ruhusa, miguu ruhusa, nywele ruhusa. Uso upumzike hadi muhula uishe. Akasema ataona. Jioni nimeipita meza yake, chupa imehamia kabatini.

Februari 19

Michezo. Huyu nilimkosea kumweka kwenye jeli pamoja na wengine wiki iliyopita, na ngozi yake imewaka bure. Leo nimemketisha juani na lenzi ya maabara, na katikati ya kila kipele nimeona unywele. Nywele zetu zimejikunja. Ukizinyoa kwa wembe mpaka chini, ncha inabaki kali kama mkuki, inarudi kuchoma ngozi na kuingia ndani, na barakoa inaisukuma. Anazo chunusi mbili tatu tu, zilizobaki ni vipele vya ndevu. Naye alikuwa akinyoa kila siku tangu Oktoba kwa sababu ndevu zinamwasha chini ya barakoa, akazidisha wembe, zikazidi kumwasha.

Wembe umepigwa marufuku. Mashine ya kinyozi, ibakishe milimita moja, basi. Hakuna dawa. Amenitazama kama mtu aliyeuziwa maji.

Hesabu ya leo: mimi 13, nimepanda moja na nachubuka kama ukuta wa chokaa, kama nilivyoambiwa. Naibu 13. Hisabati 5. Bi Harusi tumekubaliana tusimhesabu.

Machi 2

Kisa cha ndimu. Mwalimu ambaye hayumo mradini amejipaka ndimu chunusi zake saa sita akaenda kusimamia mechi uwanjani. Ndimu na jua havikai pamoja juu ya ngozi, maji yake huifanya iungue kwa mwanga. Ametoka na michirizi ya malengelenge kutoka shavuni hadi shingoni, ambako matone yalitiririka. Baadaye itakuwa michirizi myeusi, na itakaa miezi. Na chanzo ilikuwa chunusi nne.

Machi 5

Mimi 8. Naibu 9. Hisabati 3. Michezo hahesabiki tena kwa sababu nzuri, shingo imelala.

Sasa malalamiko yamehama kutoka chunusi kwenda madoa. Ngozi nyeusi ikivimba popote huacha wino. Naibu ameniuliza kama kuna krimu ya kuyaondoa haraka, na hapo nimekuwa mkali kuliko inavyopasa kwa mkubwa wangu. Za haraka ninazijua zilivyo: haidrokwinoni isiyo na kipimo, zebaki, steroidi, kwenye vikopo vyenye picha ya mwanamke mweupe. Tumetoka huko na Bi Harusi. Yanayoyafifisha ni kutozikamua, krimu ya kukinga jua kila asubuhi, na muda. Hisabati ana bahati, asidi yake ya azelaiki inashughulikia chunusi na madoa pamoja.

Kuhusu kukamua, naungama. Jumatano nilikamua moja kidevuni kwenye kioo cha tuktuk. Ndiyo pekee iliyoacha doa wiki hii.

Machi 12

Mimi 5. Naibu 6. Hisabati 3. Bi Harusi ameomba mwenyewe ahesabiwe: vipele 9, vidogo, vikavu. Ukanda ule wa kando ya midomo hauonekani tena kwa sababu ngozi iliyouzunguka inakaribia kufanana nao.

Machi 19

Shule imefungwa leo, darasa la nane wanangoja KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, Jumatatu. Jioni nimeitwa nyumbani kwa kina Bi Harusi, kwenye mgogoro.

Somo wake, yule mama anayemfunda kwa ndoa, ameleta singo. Liwa, mawaridi makavu, karafuu, vimesagwa pamoja, na bibi harusi asuguliwe mwili mzima siku saba. Mwili mzima kwa somo ni pamoja na uso. Bi Harusi kakataa uso, mama kashika kichwa, shangazi kasema wasomi wameharibu dunia. Nikaulizwa mimi kama mwalimu wa Sayansi. Nikasema ninachokijua: ngozi iliyotoka kwenye ugonjwa huu haitaki kusuguliwa wala manukato, na karafuu inachoma hata ngozi nzima. Somo akanitazama muda mrefu. "Basi kuanzia hapa," akasema, akapitisha kidole chini ya kidevu kama anachora mpaka wa wilaya, "kushuka chini ni kwangu. Kupanda juu ni kwako. Likiharibika la juu, nitakujia."

Machi 27

Kupamba kumefanyika mchana, wageni wachache kwa masharti ya wakati huu, madirisha wazi, wote na barakoa isipokuwa bibi harusi akiwa jukwaani. Mpambaji aliambiwa atumie fandesheni yake mwisho kabisa na kwa saa chache tu. Mikono ya hina, mwili wa singo unanukia hadi safu ya nyuma. Somo kaketi mbele kabisa, ananitazama mara kwa mara.

Nilikuwa nimekaa na Hisabati, tumbo limetangulia mbele yake. Taa zilipowashwa usoni kwa Bi Harusi akaniinamia. "Tatu," akanong'ona.

"Nne," nikamwambia. "Moja iko nyuma ya kipini."

Tumebishana mpaka biriani ikaletwa.